Hewa Ndani ya Mpira

Nitawasimulia wasomaji wenzangu habari ya pipa la maji, maana mwaka 1998 pipa hilo lilinitenga na mpwa wangu.

Siku zile umeme ulikuwa haujafika kijijini kwetu, upande wa Shinyanga. Mashine yangu ya kusaga iliendeshwa na injini ya dizeli, na mwenye kuitunza alikuwa mtoto wa dada yangu. Injini ile haikuwa na rejeta kama motokaa. Ilipozwa na pipa lililosimama juu ya mawe nje ya ukuta, likiunganishwa nayo kwa mipira miwili. Maji yakipata moto ndani ya injini huwa mepesi, hupanda kwa mpira wa juu mpaka pipani. Maji baridi, kwa kuwa ni mazito, hushuka kwa mpira wa chini na kushika nafasi yake. Hakuna pampu. Maji yajizungusha yenyewe kutwa nzima.

Basi pipa likaliwa na kutu. Nikalifungua, nikalipeleka kuchomelewa, kisha nikalirudisha mwenyewe, maana nilijiona fundi. Mpira wa juu ulikuwa umepasuka, nikatia mwingine mrefu zaidi. Kuukata niliona hasara.

Injini ikawashwa. Debe la pili halijakwisha kusagwa, mvuke ukafuka na injini ikaanza kunuka. Tukaizima, ikapoa, tukaiwasha tena. Ikawa vile vile. Kina mama walikuwa wamepanga mahindi yao mlangoni, na watoto nyumbani wakingoja ugali.

Nikamgeukia yule kijana, nikasema ametia maji ya matope. Akanijibu, "Mjomba, niliyachuja kwa kitambaa." Nikamwita mvivu na mwongo mbele ya watu wote, nikamwambia arudi kwa mama yake. Akautundika ufunguo msumarini, akaenda.

Siku ya tatu akapita mzee mmoja aliyejifunza injini katika mgodi wa dhahabu wa Geita, ule wa zamani uliofungwa mwaka 1966. Akasema, "Mwangaluka," akaketi, akaomba injini iwashwe kidogo. Spana hakuishika. Aliupapasa mpira wa juu: karibu na injini moto, karibu na pipa baridi kabisa.

"Nani aliyefunga mpira huu?"

"Mimi, mzee."

Akanionyesha. Kwa urefu wake mpira ulipanda ukafanya nundu kama ya ng'ombe, kisha ukashuka kuingia pipani. Hewa ilikaa ndani ya nundu, maji yasipate njia. Alisema Mzungu mmoja wa mgodini alimweleza kwamba kwao Uingereza, wakati wa baridi, nyumba hupashwa moto kwa maji yapitayo katika mabomba na rejeta za chuma, na kosa ni hilo hilo. Rejeta ikifunguliwa na kurudishwa, ikawa moto chini na baridi juu, hewa imo. Wao hulegeza kiskrubu kidogo kilicho juu, hewa hutoka kwa mlio, na maji yakichungulia hukikaza. Kisha huongeza maji.

Tukangoja injini ipoe, kwani maji ya moto yakiruka humbabua mtu uso. Akaukata mpira, ukapanda moja kwa moja bila nundu. Tukajaza pipa polepole, viputo vikitoka, hata maji yakapita juu ya mdomo wa mpira ule. Yakishuka chini ya hapo, alisema, mzunguko hukatika.

Injini ikasaga hadi jioni, lakini mimi sikuwapo. Nilikuwa njiani kwenda kwa dada yangu. Nilimkuta kijana akichuma pamba.

"Mjomba, matope uliyaona?"

"Sikuyaona. Ilikuwa hewa, na mwenye kuitia ni mimi."

Hakujibu, akaendelea kuchuma. Dada akaniambia kwamba nilimtukana mbele ya watu, nami nimekuja kuomba radhi shambani, pasipo na mtu. Alisema kweli. Jumatatu, kina mama wale wale walipokuwa mlangoni na madebe yao, nikayasema tena yote kwa sauti. Kijana alikuwa amesimama nyuma yao. Akapita katikati yao, akautoa ufunguo msumarini.