Posho ya Safari

Katika maneno ambayo afisi za leo zimeyarithi kutoka kwa misafara ya kale, labda hakuna linalotamkwa kwa furaha kuliko posho. Zamani posho ilikuwa riziki ya siku ya mpagazi: kibaba kimoja cha nafaka, au nguo na ushanga wa kununulia nafaka hiyo njiani. Leo ni fedha apewayo mtumishi anayetumwa mbali na nyumba yake, ili apate kula na kulala huko atumwako. Jina limebaki, matumizi yamegeuka. Mpagazi alikula posho yake asife njiani. Mtumishi wa leo aghalabu hujinyima asiile, apate kurudi nayo nyumbani.

Mtu wa namna hii si mgeni Tabora. Hufika na mkoba wa karatasi kwa mkutano wa siku mbili. Asubuhi hunywa chai ya mkutano, mchana hula chakula cha mkutano, na jioni hujifungia chumbani na pakiti ya biskuti. Siku ya tatu huondoka, na akiulizwa Tabora ikoje, hujibu kwamba kuna jua kali na miembe mingi. Si haki kumcheka. Karo ya watoto hailipwi kwa habari za majumba ya kale. Hata wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, hawakwenda pwani kutazama bahari. Walifuata ujira, na ujira huo ulikuwa na watu wa kuupokea nyumbani.

Walakini wapagazi hawakuweza kuipita Tabora kama apitavyo mtu wa biskuti. Richard Burton na John Speke walifika hapo, mahali palipoitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuiacha pwani. Wapagazi wao walitua mizigo, wakatawanyika kwenda kwao, kwa sababu mapatano yao yalikoma hapo. Ikawa lazima kutafuta wengine wa kuendelea hadi Ujiji, na jambo hilo lilichukua zaidi ya mwezi mmoja. Burton aliutumia muda huo barazani kwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Oman, akila chakula chake na kumwuliza habari za maziwa, za njia na za lugha za bara. Sehemu kubwa ya maarifa aliyoyachukua Ulaya aliyapata kwa kukaa, si kwa kutembea. Katika mji huo kungoja kulikuwa fungu la biashara yenyewe, na mwenye kungoja alikula, alisikiliza, na alijua yuko wapi.

Mkaguzi mmoja wa hesabu kutoka Dar es Salaam alijikuta ana alasiri moja tupu baada ya vitabu kufungwa mapema. Rafiki zake walikuwa wamempa orodha: boma la Wajerumani, stesheni ya reli iliyofika mjini mwaka 1912, shule aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1937, na Urambo, kwenye kumbukumbu ya Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884. Aliionyesha orodha hiyo kwa karani mmoja mzee wa hapo.

"Bwana mkaguzi," alisema mzee, "Urambo ni kilomita tisini. Utaona barabara kwenda, na barabara kurudi. Chagua pamoja, kisha ukale."

Alichagua Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Gari la afisi halikutoka langoni, maana kazi ilikuwa imekwisha. Alipanda bodaboda kwa fedha yake mwenyewe. Huko ipo tembe, nyumba ya udongo yenye dari bapa na mlango wa nakshi, iitwayo kwa jina la David Livingstone. Yeye na Henry Stanley walifika hapo Februari 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi, akaenda pwani kumtafutia mwenzake watu. Livingstone akabaki kuwangoja hadi tarehe 25 Agosti. Ndani mna nakala za barua, ramani na picha. Mgeni mwenye haraka husoma jina la mlangoni akatosheka. Lakini nyumba hii ilipitiwa na misafara ya pembe na ya watumwa, na wengi wa watu hao hawakuandikwa jina popote. Kati ya wachache walioandikwa wamo Chuma na Susi, waliorudi huku Unyanyembe mwaka 1873 na wenzao wakiubeba mwili wa bwana wao, kisha wakaufikisha Bagamoyo mwaka uliofuata. Mkaguzi, ambaye kazi yake ni kuuliza nani alilipwa nini, alisimama mbele ya picha zao muda mrefu kuliko mbele ya ramani.

Jua lilipoinama alirudi mjini kwa njaa ya kweli. Kwa mama lishe, karibu na soko, aliletewa ugali, mgebuka uliotoka Ziwa Tanganyika, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yakapikwa kwa karanga zilizotwangwa. Nsansa ina uchungu mdogo ambao ulimi wa mtu wa pwani huukataa kwa tonge la kwanza na kuutafuta kwa la tatu. Mkaguzi aliomba sahani ya pili. Bei ya zote mbili haikufika sehemu ya kumi ya posho yake ya siku.

"Baba, umetoka safari ndefu?" mama akamwuliza alivyoona anavyokula.

"Nimetoka Kwihara tu," akajibu.

Palikuwa pia na asali ya misitu ya miombo, nyeusi kama kahawa, ndani ya chupa. Muuzaji alimweleza kuwa zamani mizinga ilitengenezwa kwa magome, na mti uliochunwa gome kuuzunguka hufa. Kwa hiyo wafugaji wengi siku hizi wanahimizwa kutumia mizinga ya mbao. Akanunua chupa mbili, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani vikawa vikavu kama vijiti, chakula kisichoogopa safari.

Posho nyingine ilibaki mfukoni, akaifikisha nyumbani, na karo ikalipwa. Michembe ilipikwa Jumapili. Mtoto wa mwisho alikitafuna kipande kimoja kabla hakijachemshwa, akauliza kama hicho ndicho walichokuwa wakila wapagazi. Baba yake akamwambia akitie maji kwanza.