KISIWA PANZA: UKITAKA SAUTI, USINUNUE KISHINDO

Ndugu msomaji, anayetaka kufika Kisiwa Panza hana budi kupatana na bahari. Meli itokayo Unguja humshusha Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba. Kutoka hapo hushika njia ya Chokocho, na Chokocho ndipo barabara inapokoma na safari ya chombo inapoanza. Maji yakiwa yamejaa, boti husogea karibu; yakiwa yametoka, abiria hukunja nguo na kutembea majini, mzigo kichwani. Kati ya mizigo hiyo, pamoja na magunia ya mchele na mabati ya kuezekea, siku hizi si ajabu kuona boksi la spika lililofungwa nailoni.

Boksi hilo ndilo kiini cha makala haya. Mtu wa mjini akiuziwa chombo kibovu, jioni hiyo hiyo hurudi dukani kugombana na muuzaji. Mkaazi wa kisiwa hawezi. Kukirudisha chombo ni nauli ya boti, nauli ya gari hadi Mkoani au Chake Chake, na siku nzima ya uvuvi au ya mwani iliyopotea. Fedha ya dago haipatikani mara mbili kwa msimu. Ndiyo maana mtu wa kisiwani anapaswa kujua kuchagua kuliko mtu wa mjini.

Yafaa ieleweke kwamba watu wa visiwa hivi hawakuanza jana kusikiliza. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na santuri hizo zikaingia majumbani kwa wenye gramafoni. Mwaka 1951 ikaanza redio ya Sauti ya Unguja. Mwaka 1974 Zanzibar ikafungua televisheni ya rangi, wakati Tanzania Bara ilingoja televisheni yake hadi mwaka 1994. Baadaye zikaja redio kaseti, zikafuatiwa na CD. Leo nyimbo zimo ndani ya simu na flashi. Vyombo vimebadilika, lakini haja haikubadilika: kusikia maneno. Taarabu ni mashairi. Kaswida ni mashairi. Mawaidha na taarifa ya habari ni maneno matupu. Chombo kisichokupa maneno hakikupi kitu, hata kikitikisa ukuta.

WATI ZA KWENYE BOKSI

Madukani, kutoka Kariakoo hadi Chake Chake, maboksi ya sabufa huandikwa wati elfu na zaidi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mara nyingi tarakimu hizo hufuatana na herufi P.M.P.O., kipimo kisicho na kanuni moja inayoheshimiwa na viwanda vyote. Herufi unazopaswa kuzitafuta ni R.M.S., ambazo hueleza nguvu ambayo chombo huweza kuitoa kwa mfululizo.

Ikiwa hazipo, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma, panapoandikwa umeme kinaoutumia. Chombo kinachoingiza wati 40 hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo, kama vile mtungi wa lita 40 usivyoweza kumimina lita 1,000. Tena kumbuka kwamba kuongeza wati maradufu hakuongezi sauti maradufu: ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu huhitaji kuzidishwa kama mara kumi. Kwa chumba cha kawaida, wati 20 za kweli kwa kila spika zinatosha na kubaki.

Kisha jaribu kwa masikio. Chukua wimbo unaoujua kwa ghibu, kwa sauti ya chini, sabufa ikiwa imepunguzwa. Je, unasikia kila neno la mwimbaji? Je, unaitofautisha ganuni na udi, na fidla na akodiani? Konsonanti, ambazo ndizo hutenga neno na neno, zimo zaidi kati ya herzi 1,000 na 4,000, na hizo hutolewa na spika ndogo, si na sabufa. Seti nyingi za bei nafuu hutia gharama yote kwenye kishindo, na spika ndogo zikabaki vikopo vya plastiki. Ziepuke hizo.

UMEME NA BETRI

Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Hata hivyo, nyumba nyingi za pwani hutegemea paneli ya sola, ama kwa kukosa waya ama kwa tahadhari. Ikiwa nyumba yako ni mojawapo, tafuta chombo kinachopokea volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwani inveta hupoteza sehemu ya nguvu njiani.

Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Betri ya kawaida ya risasi na asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo unazo wati-saa 300. Chombo kinachotumia wati 20 kitakuimbia saa 15. Cha wati 60 kitanyamaza baada ya saa 5, na taa za watoto wa skuli zitazimika pamoja nacho. Basi baba na mama wakae pamoja waamue kabla ya kununua.

Aidha, wapenzi wa vyombo vya mtumba wajihadhari na jambo moja. Amplifaya kuukuu za Kijapani ni imara na sauti yake ni tamu, lakini zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, hali umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka bila transfoma ya kupunguza, itaungua palepale. Soma kibandiko kabla hujatoa fedha.

CHUMVI NA CHUMBA

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula shaba na chuma. Chagua spika ambayo ukingo wake ni wa mpira, si wa sponji. Sponji huoza na kumeguka katika hewa ya unyevu. Futa vichwa vya waya mara kwa mara kwa kitambaa kikavu. Funika chombo kikiwa kimezimwa, wala usikifunike kikiwa kinafanya kazi, maana kitashindwa kupumua.

Spika zisiwekwe sakafuni. Ziinue zilingane na masikio ya aliyeketi, nafasi kati yao ikaribie umbali wa kutoka kwao hadi kwako. Sabufa ukiisukumia pembeni mwa chumba itavuma zaidi na kumeza maneno. Kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Mkeka, pazia na godoro huutuliza bila gharama mpya.

Kwa wale wanaotamani sinema ya nyumbani yenye spika tano na sabufa, swali ni moja: filamu unazotazama zimerekodiwa kwa njia sita za sauti? Nyimbo karibu zote zina njia mbili tu, na matangazo mengi ya ving'amuzi ni hivyo hivyo. Kwa fedha ile ile, spika mbili nzuri hushinda sita dhaifu. Unganisha televisheni na amplifaya kwa waya wa nyekundu na nyeupe, au kwa tundu la masikioni, na filamu itasikika vizuri kuliko kwa spika nyembamba za televisheni yenyewe.

Hatimaye, muulize fundi kabla ya kumuuliza muuzaji. Fundi redio wa Mkoani au Chake Chake anajua ni vyombo gani hufunguka kwa bisibisi na vipuri vyake hupatikana, na vipi vimegandishwa kwa gundi ili vitupwe. Chombo kinachotengenezeka karibu na Chokocho ndicho cha bei nafuu hasa, hata kama dukani kilizidi kidogo.

Na ukishakifikisha salama, ndugu msomaji, kumbuka kwamba nyumba za kisiwani zimekaribiana, na jirani ana mtoto mchanga, ana mgonjwa, ana mvuvi aliyerudi alfajiri. Chombo kizuri hujulikana kwa kusikika vema kikiwa chini. Kizuri chajiuza, hakihitaji kuamsha mtaa.