Kinyozi Hajinyoi

Wahenga wetu walisema kuwa kinyozi hajinyoi. Hawakusema hivyo kwa kuwa kinyozi hana ujuzi au wembe wake ni butu, bali kwa kuwa kisogo chake hakioni. Ndivyo ilivyo kwa kila mwenye kazi ya mikono au ya akili: mshona kanzu, mtunga mashairi na mchora hadithi za picha. Jambo hili ndilo tutakalo kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana, kwani twaona kuwa wengi siku hizi huzitoa kazi zao mbele za watu kabla ya kumwonyesha hata mtu mmoja awezaye kuwaambia kweli.

Tunaye mpwa wetu katika kisiwa cha Goziba, ndani ya Ziwa Viktoria, wilaya ya Muleba. Wasiokijua kisiwa hicho na wajue kuwa ni mahali pa wavuvi. Watu wa makabila mengi wamekusanyika huko kutafuta riziki ya dagaa, sangara na sato, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho. Kijana huyu hufanya kazi mwaloni, na wakati wa mapumziko huchora katika daftari kwa penseli na wino. Kisha huzipiga picha kurasa zake kwa simu na kuzipeleka mtandaoni, sehemu moja kila Ijumaa.

Hadithi yake ni ya mvuvi kijana akataaye kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Aliichagua kwa sababu ziwa hili limezika wengi. Mwezi wa Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Ama misiba ya mitumbwi midogo, ya mtu mmoja au wawili, aghalabu haifiki magazetini. Hubaki kwa wajane na mayatima.

Twajua kuwa wanazuoni wana kauli mbalimbali juu ya kuchora viumbe vyenye roho. Kwa hiyo kijana alimwendea kwanza mwalimu wake wa madrasa, akamweleza makusudi yake na kupokea mashauri yake, ndipo akashika kalamu.

Alipokwisha kutoa sehemu tatu, majibu yalikuwa matamu: "Mashallah!" "Hongera sana!" "Endelea hivyo hivyo!" Lakini yeye hakutua moyo. Akatuambia, "Mjomba, watu wameipenda, lakini sijui wamependa nini." Maneno haya yalitupendeza kuliko picha zenyewe, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye kijana alikwisha kuiogopa sifa kabla haijamharibu.

Katika nchi zetu, mchora katuni wa gazetini alikuwa na mhariri. Christian Gregory alipomchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na Edward Gitau alipomchora Juha Kalulu huko Kenya, kazi zao zilipita kwanza mbele ya macho ya wengine. Lakini achoraye leo na kutuma mwenyewe kwa simu hana mlango wa kupita. Hiyo ni neema, kwa kuwa hata kijana wa kisiwani aweza kusomwa Bukoba, Mombasa na Muscat. Nayo ni hatari pia, kwa kuwa kosa lake husafiri kwa mwendo ule ule wa hekima yake. Basi asiye na mhariri yampasa ajitafutie.

Tulimshauri awachague watu watatu wasiofanana, awape kurasa wazisome, naye anyamaze. Asieleze lolote, kwa maana hatakuwapo kumweleza kila asomaye. Wala asiulize, "Je, ni nzuri?" Kwa adabu zetu swali hilo lina jibu moja tu. Aulize: Umeelewa kuwa limetokea nini? Wapi umepotea au umechoka? Lipi si kweli?

Wa kwanza alikuwa mzee mvuvi. Alitazama picha ya mitumbwi ikivua dagaa kwa taa chini ya mwezi mkubwa mweupe, akacheka. "Mwanangu," akasema, "usiku wa mwezi kumi na nne nani atakwenda kuvua dagaa kwa taa? Dagaa hukusanyika kwenye taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sisi twashona nyavu." Kisha akaongeza, "Nawe wasema hatuvai jaketi kwa kiburi. Wengine hawavai kwa kuwa lawazuia mikono wavutapo wavu, na wengine hawana fedha ya kulinunua." Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mvuvi aonaye kuwa mchoraji haujui mwezi hatamwamini katika habari ya jaketi, na somo lililokusudiwa kuokoa roho ya mtu litatupwa pamoja na picha.

Wa pili alikuwa mama mmoja aanikaye dagaa, ambaye mumewe alichukuliwa na ziwa. Alisoma mpaka mwisho, pale mvuvi anapozama na wenzake wakimwita mpumbavu. Akarudisha daftari taratibu, akasema, "Wanangu watasoma haya." Hakusema zaidi.

Wa tatu alikuwa mtoto wa darasa la nne. Huyu alivisoma viputo vya maneno kinyume cha mpango wake, jibu kabla ya swali, na katika simu ya mama yake herufi zilikuwa ndogo hata akaziacha nusu. Huko Korea Kusini wachoraji wa mtandaoni huzipanga picha moja chini ya nyingine, ili msomaji ateremke kwa kidole bila ya kupotea. Kijana wetu ameanza kufanya vivyo hivyo.

Siku mbili hakugusa kalamu. Neno la mzee lilimfundisha, lakini neno la mama lilimuuma. Tulimwambia kuwa msomaji ajua mahali panapouma, lakini dawa ni kazi ya mchoraji. Mzee alitaka pia shujaa wa hadithi awe mzee kama yeye. Kijana alikataa kwa upole, na haki ilikuwa yake. Kusikiliza wote si kutii wote. Lakini mwezi ameufuta, sababu za kutovaa jaketi amezichora upya, na katika mwisho mpya hakuna amchekaye maiti.

Haya si mageni kwetu. Watunzi wetu wa tenzi walizoea kumalizia kwa kuwaomba wasomaji wawasamehe na kuwasahihishia palipo na kasoro, wala heshima yao haikupungua. Nayo dini yetu imetufundisha kuwa muumini ni kioo cha nduguye. Kioo hakipigi kelele wala hakisifu. Humwonyesha yule tu asimamaye mbele yake, kisha hakiendi kumsimulia jirani.

Basi, enyi wazazi, mtoto akiwaletea kazi yake, msimwambie "vizuri" huku macho yenu yako kwingine, wala msimvunje moyo kwa dhihaka. Someni mpaka mwisho, mtajeni jambo moja lililowagusa na moja lililowatatiza, na mmwambie faraghani. Nanyi vijana, anayewapa kasoro zenu kwa upole amewapa zawadi. Mshukuruni kwanza, kisha pimeni.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuisema kweli kwa huruma na kuipokea kwa subira. Amin.