Ukoo Mzima Unachanga, Viza Inakataliwa

Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa,

Nawaandikia kutoka Uingereza nikiwa na uchungu. Kwa kuchangiana hamna mfano: kijana akipata nafasi chuo kikuu cha nje, baba mkubwa anatoa, shangazi aliyeolewa Murongo anatoa, hata jirani asiye na undugu anatoa. Lakini mnachanga kama mnavyochangia harusi, fedha zinamiminika siku za mwisho, nyingine mkononi, nyingine kwenye simu ya mweka hazina. Viza ikikataliwa mnasema Wazungu hawawataki watoto wetu.

Afisa wa viza huku hapimi upendo wa ukoo, anasoma karatasi ya benki. Tangu Novemba 2025, anayekwenda kusoma nje ya London huonyesha paundi 1,171 kwa kila mwezi, hadi miezi 9, yaani 10,539, juu ya ada ya mwaka wa kwanza ambayo hajailipa. Fedha hizo zikae siku 28 mfululizo. Zikipungua chini ya kiwango hata siku moja, hesabu imeharibika. Tena akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi au ya mlezi anayetambuliwa kisheria. Ya baba mdogo haihesabiki, hata kama ndiye aliyemlea kijana tangu darasa la kwanza.

Mtasema sheria hiyo haijui undugu wetu. Ni kweli, na lawama hiyo ni ya haki. Ila haimkatazi baba mdogo kutoa. Anachotakiwa ni kutoa mapema, fedha ziingie akaunti ya kijana au ya mzazi na zitulie humo. Akaunti ikiwa ya mzazi, iambatane na cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuridhia. Hapo nawagombeza kweli: mtoto ana jina moja kwenye cheti cha RITA, jingine shuleni, na la baba limeandikwa namna tatu. Rekebisheni kabla ya kuomba chuo. Wanaofikiria Ujerumani, huko huwekwa euro 11,904 kwenye akaunti maalumu, na mwanafunzi huruhusiwa kuchukua 992 tu kwa mwezi.

Wengine watashauri kuazima fedha kwa mfanyabiashara wa Omurushaka, zionekane benki, kisha arudishiwe. Msikubali. Mkopo wa mtu binafsi hautambuliki, na anayebainika kudanganya anaweza kufungiwa viza miaka 10. Hata akipenya, atafika huku mikono mitupu, na wa shahada haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Atakula nini?

Jibu lenu liko shambani, ila kalenda ndiyo inawapinga. Kahawa inavunwa kuanzia Mei, na masomo mengi huku yanaanza Septemba. Familia inayosubiri malipo ya msimu huohuo inabanwa, inauza kwa butura kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na bado siku 28 hazitimii. Kwa hiyo kahawa ya mwaka huu iwe ya mwanafunzi wa mwakani. Malipo ya chama cha ushirika (AMCOS) yakiingia tu, kikao cha ukoo kikae, kila mmoja aweke benki anachoweza, na kijana aanze kuomba chuo akaunti ikiwa tayari ina kitu.