Kola ya Chinchila na Alama Nyekundu

Leo siandiki kuhusu Linux wala simu mpya. Nataka kuwasimulia juu ya mnyama ambaye sijawahi kumshika, na programu niliyomwandikia mfugaji wake. Ni hadithi ya kosa langu mwenyewe, kwa hivyo nivumilieni.

Mwaka 2019 nilipata kibarua kupitia intaneti. Mfugaji mmoja huko Marekani alitaka programu ya kuweka kumbukumbu za chinchila wake: nani amezaa, lini, watoto wangapi, uzito gani. Alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari, na daftari lilikuwa limemshinda.

Kwa wasiomjua, chinchila ni mnyama mgugunaji wa milima ya Andes. Ni mdogo kuliko sungura wengi, ana masikio ya mviringo na mkia wenye manyoya. Manyoya yake ni mazito mno hata haogi maji, huoga vumbi. Mwaka 1923 mhandisi wa migodi aitwaye Mathias Chapman aliwasafirisha chinchila 11 kutoka Chile hadi California, na wengi wa wanaofugwa leo wanatokana na hao.

Sasa njoo tuone vizimba. Chukua vizimba vinne, uvipange kwa safu. Kila kimoja kina jike mmoja. Nyuma ya vizimba vyote kuna ujia mmoja mwembamba, na kila kizimba kina tundu la kuingilia ujia huo. Dume mmoja anaishi kwenye ujia. Anaingia kwa jike huyu, anatoka, anaenda kwa yule. Majike hawawezi kutoka, kwa sababu kila mmoja amevalishwa kola shingoni: pete pana, nyepesi, ya alumini au plastiki, ambayo ni kubwa kuliko tundu. Kichwa kikifika tundulani, kola inagonga ukuta. Basi.

Kola ina sababu zake. Jike wa chinchila kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume, na ni mkali. Majike wawili wasiozoeana wakikutana wanaweza kuumizana vibaya, hata kuuana. Dume naye akifukuzwa anachomoka kupitia tundu, na jike hawezi kumfuata. Kwa hivyo kola inamlinda dume, na inawatenga majike.

Mimi nilipoelezwa haya nilifurahi kama mtoto. Jamani, hii ni ruhusa ya mtumiaji iliyotengenezwa kwa bati! Hakuna neno la siri, hakuna umeme, hakuna mtu wa kusimamia. Mwenye kola hapiti, asiye na kola anapita. Tena ilinirahisishia kazi: kwa kuwa ujia una dume mmoja tu, programu iliweza kujaza jina la baba yenyewe kila jike alipozaa.

Nilimsimulia mama yangu kwa simu. Yeye amefuga sungura nyumbani tangu nikiwa shule ya msingi. Akacheka kwanza. Halafu akaniuliza, "Sasa huyo jike akichoka na huyo bwana, anatokea wapi?"

Nikamwambia hatoki, ndiyo maana ya kola.

"Sisi tunampeleka jike kwa dume," akasema. "Wakimaliza unamrudisha kwake apumzike. Nyumba yake ni yake."

Nikasema sawa mama, nikarudi kwenye kazi. Sikulifikiria tena swali lake. Hapo ndipo ningesimama.

Mfugaji alikuwa na jibu lake kwa jambo hilo. Kila tundu lilikuwa na kilango kidogo cha kuteleza. Jike wa chinchila hubeba mimba kwa takriban siku 111, muda mrefu kwa mnyama wa ukubwa ule, na anaweza kushika nyingine mara tu baada ya kuzaa, akiwa bado ananyonyesha. Kwa hivyo jike akionekana amekonda, mfugaji alifunga kilango kabla hajazaa ili dume asimfikie.

Mimi kwenye programu niliweka ukurasa wa kuonyesha vizimba vyote. Kilango wazi, alama ya kijani. Kilango kimefungwa, alama nyekundu na neno "hazalishi". Hakuna aliyeniomba niweke nyekundu. Nilizoea tu kwamba kitu kilichozimwa ni kitu chenye hitilafu.

Miezi kadhaa baadaye mfugaji aliniandikia. Jike namba 14 alikuwa amekufa akizaa, tarehe 23 Juni. Alishangaa, kwa sababu jike huyo alizaa tarehe 3 Machi na alikuwa amefungiwa kilango apumzike. Aliniuliza kama programu inaweza kuonyesha kilichotokea.

Nikahesabu siku 111 kurudi nyuma. Nikafika tarehe 4 Machi. Nikafungua kumbukumbu za siku hiyo, na hapo ulikuwa mstari mmoja: saa mbili na robo asubuhi, kizimba 14, kilango kimefunguliwa. Kijana anayemsaidia kulisha alikuwa ameona nyekundu kwenye kioo cha kompyuta, akadhani kuna kitu kimeharibika, akakitengeneza. Alifanya kile ambacho ukurasa wangu ulimwambia afanye.

Nilimwandikia mfugaji ukweli wote. Nilimwambia kijana hana kosa. Hakunijibu siku mbili. Siku ya tatu alijibu mstari mmoja: "Rekebisha."

Nilirekebisha. Neno "hazalishi" nililifuta. Kilango kilichofungwa sasa kinaonyesha "anapumzika", kwa rangi ya buluu, na chini yake kuna nani amefunga, lini, kwa sababu gani na hadi lini. Ukitaka kuandika kwamba umekifungua kabla ya siku hiyo, programu inakuonyesha sababu kwanza. Pia niliongeza ukumbusho wa kukagua kola kila wiki, kwa sababu ikilegea mguu wa mbele unaweza kunasa, na ikibana inachubua shingo.

Tangu hapo, kila ninapoandika mfumo wa ruhusa, iwe wa duka au wa shule, siishii kuuliza nani anaruhusiwa kuingia. Nauliza swali la mama: na huyu akichoka, anatokea wapi? Mara nyingi nakuta sikumwekea mlango.

Nilimpigia mama kumweleza yaliyotokea. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama watoto wa Machi walipona. Nikaangalia kwenye programu. Wawili, wote wazima, uzito unapanda.

"Basi waandike vizuri," akasema.