Tochi ya Simu

Nilikigundua asubuhi moja ya Juni, bafuni kwa baba mdogo, Sumbawanga. Baridi ya Ufipa mwezi huo haina mzaha: mji uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ndoo ya maji ya moto hupoa kabla hujamaliza kujipaka sabuni. Nilikuwa naoga kwa haraka. Vidole vikapita juu ya korodani ya kulia, vikagusa kitu cha mviringo, kidogo kama punje ya njegere. Nikarudia. Kilikuwapo. Nikajimwagia maji yaliyobaki, nikavaa, nikaenda kunywa uji wa ulezi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kukusanya taarifa za tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu ufuaji wa chuma. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika tanuru refu la udongo liitwalo ilungu, lenye kimo cha karibu mita 3, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto. Mabaki ya matanuru hayo bado yapo mashambani. Tanuru lilichukuliwa kuwa bibi harusi, na wahunzi hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe. Mchana niliwauliza wazee habari za uzazi wa tanuru bila aibu yoyote, kinasa sauti kikiwa mezani. Usiku sikuweza kumwambia mtu habari za mwili wangu.

Hata maneno yalinikwama. Neno tulilokua nalo mtaani ni tusi. "Korodani" ni neno la kitabu cha baiolojia, ukilitamka sebuleni watu wanatazama chini. Linalobaki ni "mshipa", na mshipa ni kila kitu: ngiri ni mshipa, busha ni mshipa, hata maumivu ya kiuno. Mtu akisema fulani ana mshipa, mazungumzo yamefungwa.

Nilikaa nacho wiki sita. Barua ya posa ilikuwa imeshafika kwa wazazi wa mchumba wangu Namanyere, na washenga walikuwa wanajadili mahari. Mimi nilikuwa chini ya blanketi na simu, nikisoma kwamba saratani ya korodani huwapata zaidi vijana, hasa wa miaka 15 hadi 35. Nina miaka 26. Nikazima simu. Kama ningeendelea kusoma ningefika mahali palipoandikwa kwamba saratani hiyo ni nadra, na kwamba ikiwahiwa wengi hupona kabisa.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa rafiki yangu wa Dar es Salaam, kwa simu. Alicheka. "Nilikwambia upunguze madafu." Pwani imani hiyo ni ya zamani: madafu huleta busha. Ufipa hakuna minazi, kwa hiyo kwa hesabu hiyo tungekuwa watu salama kuliko wote nchini. Kweli ni kwamba mabusha mengi ya pwani hutokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ile ile inayoleta matende, na ndiyo maana dawa za kukinga zimekuwa zikigawiwa kwa watu wote, wagonjwa na wazima. Dafu halina kosa.

Wiki ya saba nilikwenda hospitali. Nilimkuta daktari mwanamke, wa rika la mama yangu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Mgongo."

Akaandika. "Tangu lini?"

Nikanyamaza. Akaweka kalamu chini, akafunga mlango, akamwita muuguzi wa kiume asimame pembeni. "Haya," akasema, "sasa niambie kilichokuleta."

Alinipima taratibu, upande mmoja kisha mwingine. Halafu akaomba simu yangu. Muuguzi akavuta pazia, na daktari akawasha tochi ya simu nyuma ya kile kivimbe. Kikang'aa chekundu, kama kaa linalopulizwa. "Unaona? Mwanga unapita. Haya ni maji. Nyama ngumu haipitishi mwanga." Lakini hakuishia hapo, maana tochi haitoshi kuamua. Akaniandikia ultrasaundi, na jioni ile ile majibu yalirudi: kifuko cha maji cha milimita 8, juu ya korodani, si ndani yake.

Akanichorea nyuma ya karatasi. Nyuma ya kila korodani kuna mrija mwembamba uliojikunjakunja, epididimisi, ambamo mbegu hukomaa. Ukiunyoosha unafika karibu mita 6. Wakati mwingine kijia kimoja huziba, majimaji hukusanyika, kifuko kinaota. Wanaume wengi wanavyo na hawajui. Havigeuki saratani. Kisipouma na kisipokua sana, huachwa. Upasuaji wenyewe unaweza kuacha kovu kwenye mrija, kwa hiyo kijana anayetaka watoto hakimbizwi kwenye kisu.

"Na watoto?" nikauliza. Ndilo swali nililokuwa nalo tangu bafuni.

"Hiki hakikuzuii." Akaniambia kwamba wanandoa wanapokosa mtoto, karibu nusu ya visa mwanamume naye anahusika. Ila hapa kwake mke huja kwanza, huja mara ya pili, huja mara ya tatu, na mume yuko nje anashikilia pikipiki.

Kabla sijatoka alinifundisha nilichopaswa kufundishwa kidato cha pili. Jipapase mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, kila korodani kati ya kidole gumba na vidole vingine. Korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida. Kamba laini unayoigusa kwa nyuma ni huo mrija, usiiogope. Uvimbe mgumu kwenye korodani yenyewe, au korodani inayokua au kuwa nzito, nenda hospitali wiki hiyo hiyo hata kama haiumi. Na maumivu makali ya ghafla ni ya kukimbia saa hiyo hiyo, usiku au mchana: korodani ikijisokota, mara nyingi huwa na takriban saa 6 tu za kuokolewa.

Mchumba wangu nilimpigia usiku huo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wiki zote hizi ulikuwa umeninunia kwa ajili ya njegere?" Kisha akanyamaza, na nikasikia kwamba analia.

Akabaki baba mdogo. Tangu nikiwa sekondari amekuwa akivaa koti refu hata jua likiwaka, na baiskeli yake imeegeshwa ukutani miaka tisa. Sote nyumbani tulijua. Tulisema ana mshipa, tukaishia hapo.

Tulikuwa tunakula ugali na migebuka. Nikamwambia yote: kifuko, daktari, tochi, hata uongo wa mgongo. Nikamwambia kwamba busha nalo ni maji, kwamba si lazima liwe la mbu wa pwani, linaweza kumpata mtu popote, na kwamba hutibiwa kwa upasuaji wa kawaida. Nilisema nikitazama sahani. Hakujibu. Alinawa mikono, akaenda kulala.

Zikapita siku tatu. Siku ya nne alinikuta uani nikipanga karatasi zangu. Akasimama, akatazama milima ya Mbizi kwa muda mrefu.

"Huyo mama," akasema, "ana tochi yake, au anatumia ya mgonjwa?"

"Alitumia simu yangu, baba."

Akatikisa kichwa polepole. Usiku ule niliichaji simu mpaka ikajaa.