Dada wa watu, muvi ya nyoka ya 1968 na kadi ya mchango

Kuna dada mmoja wa hapa mjini, jina liwekwe pembeni, Jumamosi moja usiku alikuwa na bando limebaki na usingizi hauji. Akakutana na muvi ya Kijapani ya 1968, rangi nyeusi na nyeupe, dakika 82 tu. The Snake Girl and the Silver-Haired Witch. Akasema ngoja acheke kidogo, maana muvi za zamani za kutisha kiukweli mara nyingi ni vichekesho.

Na kweli mwanzo alicheka. Nyoka wanaonekana kabisa ni vya plastiki. Muongozaji ni Noriaki Yuasa, yule yule aliyetengeneza muvi za Gamera, kobe mkubwa anayeruka na kutema moto, kwa hiyo mtu usitegemee maajabu ya kompyuta hapo. Hadithi imetoka kwenye katuni za Kazuo Umezu, mzee aliyefariki 2024 akiwa na miaka 88. Alikuwa anachora katuni za kutisha kwenye magazeti ya wasichana wadogo, yaani mtoto wa shule ananunua gazeti lake halafu usiku halali! Humo ndani ya muvi mwenyewe katokea kidogo tu kama dereva teksi.

Kicheko kilikata pale Sayuri alipofika nyumbani.

Sayuri ni binti aliyelelewa kituo cha watoto yatima, halafu wazazi wake wanapatikana. Nyumba kubwa, baba msomi wa mambo ya nyoka. Mama alipata ajali, kumbukumbu zimevurugika, anamwita mtoto kwa jina la mtu mwingine. Baba anasafiri kikazi. Kumbe juu darini kuna dada mtu, Tamami, amefichwa, na Sayuri anaambiwa asimwambie baba. Anakubali. Anateswa usiku, chura anachanwa anatupiwa, asubuhi anaamka mpole anasalimia watu vizuri.

Wengi wakiangalia watasema huyu mtoto mjinga, si aseme? Dada wa watu hakusema hivyo. Yeye alipelekwa kwa mama yake mdogo akiwa na miaka tisa, baada ya msiba. Binti wa pale ndani, wamepishana mwaka mmoja, alikuwa anamfinya chini ya shuka, anamwagia maji kwenye godoro ili ionekane kakojoa. Siku alipolia, mama mdogo alimwambia taratibu tu, wala hakumfokea: "Usimwambie baba yako mdogo, mwanangu. Atasema nikurudishe kijijini." Basi akanyamaza miaka saba. Mtoto aliyepewa nyumba hana ujasiri wa kulalamika kama mtoto aliyezaliwa humo, hiyo ndiyo inayotisha kwenye hii muvi, siyo magamba.

Ila kuna sehemu ilimchanganya. Tamami anavaa kinyago, uso wake si kama wa Sayuri, na chumba kizuri na nguo nzuri sasa vina mtu mpya, kaja mrembo, kila mtu anamsifia mpole. Dada akasimamisha muvi. Maana mle kwa mama mdogo, huyo binti mfinyaji alikuwa anafeli, na kila matokeo yakitoka baba mdogo alikuwa anasema mbele ya sahani ya chakula, "Muone mwenzio, hana hata mama, lakini anakushinda." Kila muhula. Dada alikuwa anaona raha kusikia vile, ndiyo sehemu pekee aliyokuwa anashinda.

Aliwahi kuwasimulia mashosti zake habari za godoro mara nyingi tu. Habari za ile sahani hajawahi kumwambia mtu.

Akaimalizia muvi saa saba usiku. Mwisho wenyewe usisimuliwe hapa, yule mchawi mwenye nywele nyeupe acha kila mtu akutane naye mwenyewe, ila mtu asije akadhani Tamami ni wa kuchukiwa tu hadi mwisho.

Kwenye simu kulikuwa na kadi ya mchango wa kitchen party, imekaa wiki mbili haijajibiwa. Bibi harusi ni huyo huyo binti wa mama mdogo. Chini ya kadi kaandika mwenyewe: "Dada angu usinitupe."

Dada akaandika elfu ishirini. Akafuta. Akaandika elfu hamsini, na chini yake, "Sare ni rangi gani?"